Je, wajua kwa nini kijana huionea haya mila ya kwao, kisha akajivunia ile ile?

Nilikuwa na miaka 14 nilipomleta Lamu rafiki yangu wa shule ya bweni, mtoto wa Nakuru. Tulimkuta bibi amekaa uani, amepakata kofia ya vito. Kofia hiyo hushonwa kwa mkono: kitambaa cheupe, vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kikaze. Huenda miezi ikapita kabla kofia moja haijaisha.

"Ndoo unitilie uzi," bibi akaniita. "Mato yangu hayaoni."

Rafiki yangu akageuka huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti: "Bibi anataka ndoo ya nini?"

Masikio yangu yalipata moto. Kwa Kiamu, lugha yetu ya nyumbani, ndoo ni njoo, na mato ni macho. Ningeweza kumweleza kwa neno moja tu. Badala yake nilimjibu bibi kwa Kiswahili cha shuleni, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea: "Nakuja bibi. Macho yamefanya nini?" Alinitazama kidogo, akanipa sindano, akanyamaza. Tundu la sindano ile nalikumbuka mpaka leo, maana nililikodolea macho ili nisimtazame yeye.

Mbona mtu amwonee haya bibi anayempenda? Sehemu moja ya jibu imo katika umri. Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, alieleza kuwa kijana huishi kana kwamba ana hadhira kichwani: anadhani kila mtu anamtazama na kumpima, hata pale ambapo hakuna anayemjali. Mwaka 2013 Leah Somerville na wenzake walilipima jambo hilo. Waliwaweka watu wa miaka 8 hadi 23 hivi ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia kwamba kamera imewashwa na mwenzao wa rika lao anawaangalia. Hakukuwa na aliyekuwa akiangalia. Hata hivyo, waliobalehe waliona haya kuliko watoto wadogo, jasho la ngozi likaongezeka, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshughulika na mtu kujifikiria mwenyewe, ikachangamka zaidi. Kwa hiyo kijana akisema "watu wananiangalia", hajifanyi. Mwili wake unaamini.

Lakini umri peke yake hautoshi, kwa sababu kijana haonei haya kila kitu. Jirani akipita na mavazi ya jamii yake, au mgeni akisema lugha yake, kijana hatoki jasho. Haya humshika pale penye chake. Huu ndio moyo wa jambo, na naona wazee wengi wanaupita: mtu huonea haya kile anachojua kwamba akipimwa nacho, amepimwa yeye. Ndiyo maana huniuma kusikia kijana akitupiwa "Mwacha asili ni mtumwa" kwa kuwa tu amekataa kuvaa kofia mbele ya wenzake. Hajaiacha asili. Angekuwa ameiacha, angecheka pamoja na wanaocheka na asingeumia.

Mwanasaikolojia Jean Phinney, aliyewahoji vijana wa jamii za wachache huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, aliona kwamba wengi huanza bila kuihoji asili yao, kisha huja kipindi cha kuuliza na kutafuta, na wapo wanaofika mahali wakatulia nayo kwa kuielewa. Hapo katikati ndipo kelele zilipo. Kijana anauliza "kwani lazima?" na mzazi anasikia ukaidi. Mara nyingi ni swali la kweli, linalongoja jibu la kweli.

Mimi jibu langu lilikuja darasani, nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa tunasoma beti za zamani, na mwalimu akauliza nani anajua maana ya mato na ndia. Darasa zima kimya, na rafiki yangu wa Nakuru akiwemo. Nikanyoosha mkono. Mato ni macho, ndia ni njia, ndivyo tunavyosema kwetu. Mwalimu akanisimamisha niwasomee wenzangu, kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa: tenzi za kale za Pate na Lamu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimejaa maneno hayo hayo ya bibi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kiamu hakikushindwa kusema njoo. Kilikuwa kinasema ndoo, na kutungiwa mashairi, muda mrefu kabla ya mkutano huo.

Angalia kilichobadilika. Wenzangu walikuwa wale wale, na macho yale yale niliyoyaogopa uani yalikuwa yananitazama. Hadhira ilibaki kichwani mwangu, ila safari hii nilikuwa na kitu cha kuipa. Fahari nayo hutaka kutazamwa, sawasawa na haya. Kinachogeuza moja kuwa nyingine ni kujua sababu ya jambo, na kupewa nafasi ya kulifanya.

Hili huonekana kila Maulidi hapa Lamu, zefe, yale maandamano ya sherehe, inapopita kandokando ya bahari. Kijana aliyeambiwa tu avae kanzu asimame pembeni huinamisha kichwa akimwona mwanafunzi mwenzake na simu. Kijana aliyefunzwa kupiga twari, ile ngoma ndogo ya mkononi, akajua ni wapi aingie na ni wapi anyamaze, hana hata muda wa kutafuta nani anatazama. Mikono ina kazi.

Likizo iliyofuata rafiki yangu alirudi. Safari hii nilimweleza tukiwa bado kwenye boti: ndoo, mato, ndia, yote. Tulipoingia uani bibi alikuwa na kofia nyingine mapajani, uzi umemshinda tena.

"Ndoo," akaita, bila kusema ni nani.

Rafiki yangu alinitangulia.