Mtoto mwenye usonji kwenye kiti cha daktari wa meno

Wazazi wanaoniletea mtoto mwenye usonji (autism) hapa Arusha huanza kwa kuniomba radhi kabla hata hawajaketi: mtoto atapiga kelele, atauma, hatakubali kufungua kinywa. Kelele nimezizoea. Kinachonisumbua ni muda uliopita tangu jino lilipoanza kuuma, kwa kuwa mtoto asiyezungumza hujipiga shavuni, hutafuna kola ya shati, huamka usiku au hukataa makande aliyokuwa akiyapenda, na nyumbani wote huamua kwamba ni usonji umezidi. Tabia ikibadilika ghafla, kinywa kichunguzwe kabla ya kufikiria dawa za kumtuliza.

Siku ya kwanza simtibu mtoto, isipokuwa pawe na dharura. Mzazi hupiga picha kwa simu: mlango, kiti, taa, uso wangu bila barakoa na nikiwa nayo, kisha humwonyesha mtoto picha hizo nyumbani kwa mpangilio uleule. Hurudi asubuhi mapema, kabla foleni haijajaa, na mashine ya kunyonya mate ikiwa imezimwa, maana mlio wake ndio huwafanya wengi wazibe masikio. Kioo kidogo cha meno nakigusisha kwanza kwenye ukucha wa mtoto, halafu kwenye jino la mbele, huku mama akihesabu kwa sauti moja hadi kumi. Ikifika kumi natoa mkono, hata kama nimebakiza kidogo tu, kwa sababu mtoto akishagundua kwamba kumi haikuwa kumi, kazi yote inaanza upya.

Jino lililotoboka si lazima lichongwe kwa mashine. Katikati ya miaka ya 1980 hapahapa Tanzania, kwa juhudi za Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi, ilianza kutumika njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa simenti ya meno, ambayo siku hizi ni ya glasi-ionoma, bila umeme na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, lakini ukimya wake unamfaa sana mtoto anayeogopa milio. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi (madini yanayoimarisha meno, lakini yakizidi huyaharibu), inayopakwa kwa brashi ndogo na kuzuia uozo usiendelee. Huacha weusi wa kudumu pale palipooza, na mzazi aambiwe hivyo kabla haijapakwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza simenti hiyo na dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Uozo ukishafika kwenye neva, hapo ni kung'oa au kutibu mzizi, na kwa mtoto asiyeweza kabisa kuvumilia hufanyika kwa nusukaputi katika hospitali kubwa, meno yote yenye tatizo yakishughulikiwa kwa usingizi mmoja.

Swali ninaloulizwa zaidi huku kwetu ni la dawa ya meno, kwa kuwa nayo ina floraidi. Maji ya visima vingi kuuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, magadi ya kulainishia maharage huongeza nyingine, na meno ya kahawia tunayoyaona hutokana na hayo, wala si uchafu. Kwa mtoto anayemeza kila kinachowekwa kinywani, hofu ya mzazi ina msingi. Hata hivyo siwashauri waache dawa ya meno. Wapake kiasi cha punje ya mchele, na juhudi kubwa waielekeze kwenye maji ya kunywa na ya kupikia. Ikiwa minti inamchoma, tafuta isiyo na ladha kali. Kupiga mswaki si lazima kufanyike bafuni: mlaze kwenye kochi, kichwa mapajani mwako, mkao unaomfaa pia mtoto mwenye mtindio wa ubongo.

Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari, na fenitoini ya kifafa huweza kukuza fizi mpaka zikafunika meno. Isiachishwe bila ushauri wa daktari aliyeiandika. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down apimwe moyo kabla ya kung'olewa jino. Kwa hiyo, mnapokuja mara ya kwanza, leteni dawa zote anazotumia, majibu ya kipimo cha moyo kama yapo, na kile kitu asichokubali kukiachia mkononi, hata kikiwa kifuniko cha chupa.