Lori likikataa kuwaka asubuhi si lazima pampu ya dizeli imekufa

Huku Malindi lori la chumvi la kutoka Gongoni likisumbua kuwaka asubuhi, utasikia tu "pampu hiyo imekufa, ishushe". Jamani polepole. Kama ukipiga kidogo ile pampu ya mkono ya kuvuta dizeli linawaka na linafanya kazi mchana kutwa bila shida, mara nyingi hapo ni hewa, yaani usiku dizeli imerudi tangini sababu kuna paipu imepasuka ama klipu imelegea ama oringi (ile pete ya mpira) ya filta imekauka. Watu wanabisha, mbona hapadondoki kitu? Hapadondoki kwa vile upande ule pampu inavuta, so injini ikinguruma tundu linaingiza hewa, halitoi mafuta.

Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, ukiona mapovu yanapita ndio hiyo. Ama lisha pampu dizeli safi kutoka mtungi ulioinuliwa, likitulia kosa liko kati ya tangi na pampu. Pampu ya watu iache.

Ila hizi injini mpya za komoni reli (zile nozo zote, yaani vipulizia dizeli, zinalishwa na bomba moja la presha kubwa) usilegeze paipu za nozo injini ikiwa inanguruma, presha inapita bar 1,000, inatoboa ngozi.