Kabla kijiti hakijaingia mkononi

Mama anaingia chumba cha uzazi wa mpango, na kabla hajakaa vizuri anasema: "Nesi, nitoe hiki kijiti." Ana miezi miwili tu tangu awekewe. Ukimuuliza kulikoni, anakwambia damu inamtoka matone kila siku, na jirani yake kamwambia kizazi kinaoza. Ukimuuliza kama siku ile aliambiwa kwamba hedhi ingeweza kubadilika, anatikisa kichwa. Aliulizwa umri na idadi ya watoto, akawekewa, akaenda zake.

Nafundisha wauguzi kazi hii, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote. Mkono wa muuguzi unakuwa hodari, kijiti kinakaa sawasawa chini ya ngozi, lakini mazungumzo yamerukwa. Mwanamke anaweza kuacha njia inayomfaa kwa sababu ya jambo ambalo angelivumilia kama angelijua mapema.

Basi tulieleze. Kijiti ni kitu laini, ukubwa wake kama njiti ya kiberiti, na hutoa homoni kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5 kutegemea aina yake. Homoni hiyo huzuia yai kupevuka na kufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito, mbegu za kiume zisipenye. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana: katika wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka mzima, hatashika mimba hata mmoja, au ni kwa nadra mno. Lakini homoni hiyohiyo huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba na dhaifu, ukawa unamomonyoka kidogo kidogo badala ya kutoka wote kwa siku chache za hedhi. Matone yale yanatoka hapo. Hayaozeshi chochote, na kwa wengi hupungua baada ya miezi ya mwanzo. Yakimsumbua, muuguzi anaweza kumpa dawa ya siku chache, kama ibuprofeni, bila kuondoa kijiti.

Kwa sindano ya miezi mitatu, hofu inageuka. Baada ya muda hedhi hupotea kabisa, na mwanamke anajiuliza damu imekwenda wapi, imejikusanya tumboni? Haijajikusanya popote. Utando haukujengeka, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Ila sindano ina jambo jingine ambalo halipaswi kufichwa: ukiiacha, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi kadhaa zaidi kuliko njia nyingine. Haimalizi kizazi, lakini anayetaka mtoto mapema mwakani aambiwe leo ili achague kwa akili yake. Na anayechelewa tarehe ya sindano asikae nyumbani kwa aibu. Hata akichelewa hadi wiki 4, sindano hii ya miezi mitatu huchomwa bila shida.

Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, na kipo kinachodumu zaidi ya miaka 10. Maudhi yake ni hedhi nzito na maumivu ya tumbo, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Wapo wanaosema kitanzi husafiri hadi moyoni. Hakisafiri, kwa sababu kinakaa ndani ya mji wa mimba, na hakuna njia ya kutoka humo kwenda huko.

Ninayoyasema wauguzi huyaita maudhi madogomadogo. Jina hilo silipendi sana. Kwa mwanamke anayefua nguo za ndani kila siku, matone si madogo. Tumwambie kwamba hayana hatari, lakini tusimwambie kwamba hayasumbui.

Mazungumzo pia ndiyo yanayolinda usalama. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la juu la damu, wala aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, wala mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwangaza machoni, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya wiki 6. Kwa hiyo presha ipimwe kabla ya kumpa. Anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, au rifampisini ya kifua kikuu, vidonge na vijiti vinaweza kumpungukia nguvu. Vivyo hivyo anayetumia efavirenzi, dawa ya VVU, akiwa na kijiti. Hayo hayaonekani usoni, lazima yaulizwe.

Kuna swali moja hutumika vibaya: "Uko kwenye siku zako?" Akisema hapana, anaambiwa arudi akiwa kwenye hedhi. Huko ni kumrudisha nyumbani bila kinga, na wapo wanaorudi wakiwa tayari na mimba. Njia karibu zote zinaweza kuanza siku yoyote, mradi muuguzi ajiridhishe kwamba hana ujauzito. Anajiridhisha kwa kuuliza: hajakutana na mwanamume tangu hedhi iliyopita? Amekuwa akitumia njia nyingine ipasavyo? Amejifungua ndani ya wiki 4? Mimba imeharibika ndani ya siku 7? Hedhi ilianza ndani ya siku 7? Ananyonyesha maziwa yake pekee, mtoto hajafika miezi 6, na hedhi haijarudi? Jibu moja la ndiyo, kama hana dalili za mimba, linatosha.

Hilo la kunyonyesha lina mtego. Masharti yake ni matatu, na moja likivunjika kinga imekwisha. Tena yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, kwa hiyo kuingojea hedhi irudi ndipo uanze njia ni kuchelewa. Mwili wa mama unahitaji angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Kondomu ndiyo njia inayozuia mimba na pia kukinga VVU na maambukizi mengine ya ngono, kwa hiyo mwenye kijiti naye anaweza kuihitaji. Mwanamume aliyefunga kizazi aendelee na kinga nyingine kwa miezi 3. Na kondomu ikipasuka, vidonge vya dharura vimezwe ndani ya siku 5. Kila saa inayopita inavipunguzia nguvu.

Mlango ufungwe wakati wa mazungumzo. Muuguzi aulize kwa upole kama nyumbani kuna atakayekasirika, maana kadi ya kliniki kwenye mkoba inaweza kumponza mtu.

Turudi kwa yule mama. Muuguzi amweleze matone yanatoka wapi na ampe nafasi ya kutulizwa kwa dawa. Akisikia yote hayo na bado anataka kitoke, kitolewe siku hiyohiyo. Kumwambia "bado muda wake haujaisha" ni kumfunga, na habari za aliyefungwa zitawazuia wengine kumi kuja. Kutoa ni huduma sawa na kuweka.

Na anayewekewa kipya, kabla hajashuka kitandani, mchukue kidole chake mwenyewe umguseshe ngozi ya ndani ya mkono hadi akisikie kijiti kilipo. Mwandikie tarehe ya kukitoa. Kisha usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atakuitikia tu. Muulize: "Ukienda nyumbani, matone yakianza wiki ijayo, jirani akikuuliza, utamwambiaje?" Umsikilize hadi amalize.