Kicheko Ndani ya Tanzia: Mfululizo wa Yakuza kwa Jicho la Mwandishi wa Gemu

Nilikuwa Kilolo kwenye mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wetu. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na jeneza likisubiri pembeni, pale mtani wa marehemu, Mngoni aliyesafiri usiku kucha kutoka Songea, aliposhuka kaburini na kulala chali. Alitangaza kwamba amechoka, kwamba mahali hapo pamempendeza, na kwamba hatatoka mpaka wafiwa wamrudishie nauli yake. Watu walicheka. Mjane, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametamka neno, alicheka huku machozi yakimtiririka, akafungua pindo la khanga yake na kumtolea noti ya shilingi elfu moja. Ndipo mtani akapanda juu, akajipangusa udongo, akashika kamba pamoja na wengine ili kuliteremsha jeneza, na akalia kuliko sisi wenye msiba.

Kazi yangu hapa Iringa ni kuandika masimulizi ya gemu za simu, na kabla ya hapo niliandika michezo ya kuigiza ya redio kwa miaka mingi. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii ni namna ya kutia vichekesho katika hadithi nzito bila kuiharibu. Vitabu vyetu vya fasihi vina neno tanziaramsa kwa kazi inayochanganya majonzi na furaha, lakini neno hilo hutaja chakula kilichokwisha kupikwa. Halisemi mpishi alitanguliza nini chunguni, wala moto ulikuwa mkali kiasi gani. Kwa hiyo huwa ninajibu kwa kutumia mifano miwili. Wa kwanza ni yule mtani wa Kilolo. Wa pili ni mfululizo wa gemu za Kijapani unaoitwa Yakuza, ambao siku hizi unauzwa kwa jina la Like a Dragon.

Mfululizo huo ulianza Desemba 2005, kampuni ya Sega ilipotoa mchezo wa kwanza nchini Japani kwa ajili ya PlayStation 2. Mhusika mkuu ni Kazuma Kiryu, yatima aliyelelewa katika kituo cha watoto na baadaye kuingia katika genge la wahalifu. Sehemu kubwa ya matukio yake iko Kamurocho, mtaa wa kubuni uliojengwa kwa mfano wa Kabukicho, mtaa wa starehe jijini Tokyo. Hadithi kuu ni nzito kweli: mwaka 1995 Kiryu anabeba kosa la mauaji yaliyofanywa na rafiki yake wa utotoni, Akira Nishikiyama, anatumikia kifungo cha miaka kumi, na anapotoka gerezani anamkuta rafiki huyo amekuwa adui yake. Hata hivyo, mchezaji akiiacha hadithi kuu kwa dakika tano tu na kuingia uchochoroni, atakutana na visa vya pembeni ambavyo vitamvunja mbavu.

Kijana mmoja katika banda la gemu kule Kihesa, ambako jioni nyingi mimi huketi kutazama wanavyocheza, alikuwa akiucheza Yakuza 0 peke yake kwenye runinga ya pembeni huku wenzake wote wakiwa kwenye mpira, kwa kuwa mpira hulipiwa kwa mechi na huisha upesi. Alinigeukia akaniuliza, “Mwalimu, shikamoo. Hivi hii gemu ni ya kuchekesha au ni ya majonzi?” Nilimwambia aendelee mpaka ampate kuku, halafu tuzungumze.

Kuku huyo yumo kweli. Katika mchezo huo uliotolewa Japani mwaka 2015, ambao matukio yake ni ya Desemba 1988, Kiryu anaweza kwenda kuangusha pini kwa mpira mzito katika ukumbi wa michezo, na akifanya vizuri hupewa zawadi ya kuku. Yeye anatarajia nyama, lakini analetewa kuku mzima mwenye manyoya yake, aitwaye Nugget, na baadaye anaweza kumfanya meneja katika biashara yake ya majumba na viwanja. Kijana alicheka mpaka akaiweka pedi chini. Nikamwomba amtazame Kiryu usoni: kijana yule wa miaka ishirini, aliyekwisha kupigwa na kusingiziwa mauaji, anampokea kuku kwa heshima ileile ambayo angempokea mtu aliyetumwa na mzee wa ukoo. Hakonyezi jicho. Hatuambii kwa tabasamu la pembeni kwamba naye anajua mambo haya ni ya kipuuzi.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe ninalotaka kulieleza. Kicheko hakiipunguzii hadithi uzito ikiwa mhusika mkuu anayachukulia yote yanayomkuta kwa moyo mmoja, yawe makubwa au madogo. Kinachochekesha ni ulimwengu unaomzunguka. Yeye mwenyewe anabaki palepale. Kwa sababu hiyo, anaporudi katika hadithi kuu na kusimama mbele ya watu wenye bunduki, hatuhitaji kumzoea upya, kwa kuwa hakuwahi kuwa mtu mwingine. Waandishi wengi wanaoshindwa, nami nimesoma miswada yao mingi, hushindwa hapa: humfanya shujaa wao mzaha saa nne na shahidi saa tano, na msomaji huacha kumwamini katika saa zote mbili.

Kimo kisa kingine kidogo katika mchezo huohuo ambacho mimi hukitumia kufundishia. Mtoto amenunua gemu mpya iliyosubiriwa na nchi nzima, na muda mfupi baadaye ananyang’anywa. Kiryu anamfuata mnyang’anyi na kumkuta naye amekwisha kuporwa na mwingine, na huyo mwingine naye ameporwa, na mnyororo unaendelea hivyo mpaka tunaanza kucheka kabla hata ya kufika kwa mtu anayefuata. Mwisho wa mnyororo, mtu aliyeishika gemu ile ni baba wa mtoto yuleyule, ambaye aliitaka ili ampelekee mwanawe. Kicheko kinakatika kooni. Mwandishi alitumia marudio, ambayo ndiyo mbinu kongwe kabisa ya futuhi, ili kutufikisha kwa baba mwenye aibu na upendo kwa wakati mmoja, na kama angetupeleka kwake moja kwa moja tungeona mahubiri tu. Nikikisimulia kisa hiki darasani huwa napata shida kuificha furaha yangu, kwa kuwa ni kazi safi sana ya mikono.

Baada ya mhusika mwenyewe, jambo linalofuata ni mahali. Utani wa Wahehe na Wangoni, unaosemwa kuwa uliota katika vita walivyopigana katika karne ya 19, una haki zake na mipaka yake. Mtani anajulikana ni nani, anajulikana anaruhusiwa lini, na hakuna anayemdhania kuwa ni mfiwa aliyerukwa na akili. Yakuza nayo imeugawa mtaa wake kwa namna inayofanana na hiyo. Hadithi kuu husimuliwa kwa vipande virefu vya sinema vilivyo karibu bila mzaha wowote. Visa vya pembeni viko mitaani, na mchezaji huvifuata kwa miguu yake mwenyewe. Kwa kuwa ni yeye aliyechagua kugeuka kushoto badala ya kwenda alikotumwa, hawezi kumlaumu mwandishi kwamba amemkatisha kilio chake. Uhuru huo wa mchezaji ni chombo ambacho sisi wa redio hatukuwa nacho, maana msikilizaji wetu hana njia ya kugeuka kushoto.

Chombo hicho kina kasoro yake, na sioni sababu ya kuificha. Mhusika anaweza kuambiwa kwamba mtu anayempenda yuko hatarini usiku huohuo, na mchezaji akaenda kuimba karaoke hadi achoke, naye mtu aliye hatarini akamngoja bila kudhurika. Watengenezaji wamezoea kutuomba tulifumbie macho jambo hilo. Mimi hulifumbia jicho moja tu.

Nishikiyama ananirudisha kwenye karaoke kwa namna iliyo bora zaidi. Mwanzoni mwa Yakuza 0 yeye na Kiryu ni vijana wawili wanaokunywa, wanaimba na kutaniana, na usiku huohuo inajulikana kwamba mtu aliyepigwa na Kiryu katika kiwanja kitupu amekutwa ameuawa kwa risasi. Mchezo huu ulitoka karibu miaka kumi baada ya ule wa kwanza, huku matukio yake yakiutangulia, na wapenzi wa mfululizo walikuwa wanajua tayari jinsi urafiki huo utakavyokwisha. Kila mzaha wa Nishikiyama basi ni akiba inayowekwa, na mwaka 2016 mchezo wa kwanza ulipotengenezwa upya kwa jina la Kiwami, akiba ile ilitolewa yote kwa mkupuo. Mchezaji aliyecheka naye akiwa kijana hawezi kumpiga akiwa adui kwa mkono mwepesi. Mwandishi anayedhani vichekesho ni pumziko kati ya sehemu nzito hajaona bado kwamba kicheko ndicho kinachompa mtu kitu cha kupoteza.

Goro Majima anaonyesha jambo hilihili kutoka upande wa pili. Katika michezo ya awali alifahamika kama kichaa wa kuchekesha, na katika Kiwami huibuka popote pale, hata kutoka ndani ya pipa la takataka, akidai kupigana. Yakuza 0 inarudi nyuma na kutueleza alitoka wapi: amepoteza jicho, ameteswa kwa muda mrefu, na sasa anaendesha ukumbi wa starehe chini ya ulinzi kama mfungwa aliyevalishwa suti. Anaamriwa kumuua mwanamke asiyeona, Makoto Makimura, na hawezi. Na mwishoni, Makoto akiwa ameanza kuona, Majima anaachana naye bila kujitambulisha. Baada ya hapo vituko vyake vyote tulivyovicheka hapo kabla vinabadilika sura. Hakuna tukio lolote la zamani lililofutwa, ila sasa tunajua kwamba kichaa kile ni vazi alilolichagua.

Watani wana mpaka mmoja usiovukwa, nao ni kwamba anayetaniwa awe na nguvu ya kujibu. Mtani akimgeukia mlemavu au yatima katika kundi, wazee humnyamazisha papo hapo, kwa sababu utani umegeuka dhihaka. Mfululizo huu uliwahi kuuvuka mpaka huo. Katika mchezo wa tatu wa asili kulikuwa na kisa kilichomfanya mtu kichekesho cha kukimbiwa kwa sababu ya jinsia anayojitambulisha nayo, na mchezo ulipoboreshwa kwa mashine za baadaye, watengenezaji wenyewe walikiondoa. Nawasifu kwa hilo. Kisa kile hakikuwa kibaya kwa kuwa kilikuwa cha kuchekesha. Kilikuwa kibaya kwa kuwa kilimtafuta asiye na pa kukimbilia.

Mwaka 2020 mfululizo ulimpokea mhusika mpya, Ichiban Kasuga, aliyefungwa miaka kumi na minane kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mapigano yenyewe yakabadilika, yakawa ya zamu kwa zamu, kwa sababu Ichiban alikua akizipenda gemu za Dragon Quest, ambazo ndani yake mashujaa hupigana na majitu kwa zamu, na anaiona dunia kwa macho hayo: wahuni wa mtaani hugeuka majitu ya ajabu katika fikra zake, na mwenzake asiye na makazi huwatuma njiwa kumshambulia adui. Hapa kichekesho kimehama kutoka mtaani na kuingia kichwani mwa mhusika, na bado kinasimama, kwa kuwa ndoto hiyo ndiyo iliyomweka hai gerezani. Mwaka 2024, katika mchezo unaofuata, Kiryu anakutana naye Hawaii akiwa mgonjwa wa saratani. Wapo waliosema visa vya kuchekesha vilizidi katika mchezo huo, na katika sehemu za kisiwa ambacho mchezaji hukijenga mwenyewe nakubaliana nao, ila Kiryu anapozikumbuka siku zake mahali alipowahi kucheka, ule wingi wa vituko unapata kazi.

Haya sikuyajua bure. Nilipokuwa redioni niliandika mchezo kuhusu mjane anayenyang’anywa shamba na shemeji zake, na kwa kuogopa kwamba wasikilizaji watachoka, nikamwingiza mlevi ndani ya kikao chenyewe cha ukoo, katikati ya maneno ya mjane. Mama mmoja wa Mafinga alinipigia simu wiki ileile. Alisema, “Mwanangu, mimi yalinikuta hayo. Nilikuwa nangoja yule mama aseme nilichoshindwa kusema, ukaniletea mlevi.” Sikuwa na jibu zaidi ya kumwomba radhi. Mlevi yule hakuwa mtani wa mtu yeyote pale kikaoni, hakuna aliyempa ruhusa, na mjane hakupata nafasi ya kucheka wala kulia.

Gemu ninayoiandika sasa inamfuata kijana anayesafirisha mwili wa baba yake kwa gari kutoka Mbeya kuja kuzika Iringa. Katika rasimu ya kwanza mtani alikuwemo garini tangu Mbeya, akatania mpaka tukamchoka, na kijana akawa anamjibu kwa mizaha kama yake. Nimemtoa huko. Sasa anapanda Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu, baada ya mchezaji kuendesha kwa muda mrefu bila mtu wa kuzungumza naye isipokuwa injini. Anaketi, anaomba achukue nafasi ya marehemu kwa kuwa imelipiwa nauli, na kijana anamjibu kwa adabu zote kwamba nafasi hiyo haigawanyiki. Ninajaribu kuamua kama kijana atacheka gari litakapoingia katika msitu wa Sao Hill, au kama atangoja mpaka wamekwisha kuipita Mafinga.