Jiwe ulilochimba mwenyewe lina bei

"Dada, mimi sina gharama, mawe yote nimechimba mwenyewe." Nimeandikiwa hivyo tena, safari hii na kijana wa Mbagala aliyejiunga karibuni na chama chetu ndani ya mchezo wa mtandaoni wa Albion Online. Alikuwa akinieleza kwa nini anauza panga zake kwa bei iliyo chini ya thamani ya pau (vipande vya madini yaliyoyeyushwa) na ngozi zilizotumika kuzitengeneza, na kwa nini anaamini kwamba kila silva, yaani fedha ya mchezo, inayoingia mkobani mwake ni faida tupu. Hoja hii nimekwisha kuijibu mara nyingi katika kundi letu la WhatsApp, kwa ujumbe mfupi unaomezwa na picha na salamu za asubuhi, na kila wanapoingia wageni inarudi kama ilivyokuwa. Kazi yangu ya mchana ni kukokotoa gharama za uzalishaji katika kiwanda cha bidhaa za chuma kando ya Barabara ya Nyerere, na usiku ndimi ninayesimamia ufundi wa chama. Siwezi kuendelea kuliacha jambo hili lipite.

Kwa wanaoanza nitakwenda haraka. Albion Online imetengenezwa na Sandbox Interactive ya Berlin, ilitoka rasmi tarehe 17 Julai 2017, ikaingia kwenye simu tarehe 9 Juni 2021, na mwezi Aprili 2024 ikafunguliwa seva ya Ulaya, ambayo dunia yake ilianza na soko tupu na watu wote wakiwa sifuri. Mhusika wako hana levo moja inayomtambulisha. Kila silaha, kila zana na kila ufundi una levo yake kwenye Ubao wa Hatima, yaani ramani ya ujuzi wako, na levo hiyo hupanda kwa kukitenda kile kile unachotaka kukipandisha: upanga kwa kupigana kwa upanga, uchimbaji kwa kuchimba, uhunzi kwa kufua. Vitu navyo vina madaraja: ya 1 hadi 3 hupitwa upesi, na hasara ya huko haimuumizi mtu. Mambo huanza kuwa mazito daraja la 4, ambapo vitu vina wanunuzi wa kweli na makosa ya hesabu hujirudia mamia kwa mamia.

Tuchukue pau moja ya feleji ya daraja la 4. Inahitaji mawe mawili ya chuma na pau moja ya bronzi ya daraja la 3. Tuseme jiwe linauzwa sokoni silva 100 na pau ya bronzi silva 150. Hizi ni bei za mfano, kwa sababu bei halisi hubadilika kila saa na kila mji una soko lake. Vitu vilivyoingia tanurini vina thamani ya silva 350. Mchezo hurudisha sehemu ya mali ghafi kila unapoyeyusha: katika miji ya kifalme kiwango cha kawaida ni asilimia 15.2, lakini Thetford, ambao ndio mji wa kuyeyushia madini, hurudisha asilimia 36.7. Kwa hiyo gharama halisi ya pau moja Thetford ni kama silva 222, na katika mji usio na upendeleo huo ni kama 297. Ukiwa na mchanganyiko wa kutosha pau 50, Thetford itakupatia wastani wa pau 79 kama utakuwa unarudisha tanurini kila kinachobaki, na kwingineko utapata 59. Nasema wastani kwa makusudi, kwa kuwa ukiyeyusha kidogo kidogo marejesho huyumba sana na mtu hudhani ameibiwa.

Sasa tuseme pau hiyo inauzwa silva 240. Mwenye hadhi ya kulipia (premium) hukatwa kodi ya asilimia 4, asiye nayo hukatwa 8, na wote wawili hulipa asilimia 2.5 ya kuweka oda. Wa kwanza anabaki na 224.4, wa pili 214.8. Wa kwanza, akiwa Thetford, amepata silva zisizofika 3 kwa pau, na hapo bado hajamlipa mwenye karakana ada yake. Wa pili, hapo hapo Thetford, amepoteza karibu silva 7. Na yule aliyeyeyusha mahali alipokuwa amesimama kwa sababu ya uvivu wa kusafiri amepoteza zaidi ya silva 70 kwa kila pau, akaziona 224 zikiingia, akafurahi. Huyu wa tatu ndiye ninayemwandikia.

Hoja yake ni kwamba silva 350 hakuzitoa mfukoni. Ni kweli hakuzitoa. Lakini kabla hajabonyeza kitufe cha tanuri alikuwa na mawe ambayo mtu mwingine, dakika ile ile, alikuwa tayari kuyanunua. Alipoyatia motoni aliikataa fedha hiyo, na fedha uliyoikataa ni gharama sawasawa na ile uliyoitoa. Fundi wa mtaa wa Gerezani aliyepewa bati na mjomba wake, akalitengenezea jiko na kuliuza kwa bei ndogo kuliko ya bati lenyewe, hajapata faida yoyote. Amechukua zawadi ya mjomba akampa mnunuzi, na juu yake ameongeza jasho lake. Watu wanaolielewa hili mara moja wakiwa mjini, wanaobishana senti kwa senti na wenye maduka ya Kariakoo, wakiingia ndani ya mchezo hulisahau kabisa, nami sijapata maelezo yanayoniridhisha. Huenda ni kwa sababu kuchimba ndani ya mchezo kunafurahisha, na tunachokipata kwa furaha hatukihesabu kuwa ni mali.

Hata hivyo dhana hii ina chembe ya ukweli, na haki inanitaka niiseme, kwa sababu wanaoikosoa kwa pupa huipita. Jiwe lako mwenyewe halina thamani ya silva 100 kamili kwako. Ukiliuza utakatwa kodi na ada, na utabaki na 93.5. Kwa hiyo anayetumia mawe yake anaanza na gharama ndogo kidogo kuliko anayeyanunua: 337 badala ya 350 kwa pau yetu, na baada ya marejesho ya Thetford inakuwa 213. Faida yake inapanda kutoka silva zisizofika 3 hadi 11. Tofauti hiyo ni halali, na kwa anayeyeyusha maelfu ni fedha nyingi. Lakini ni asilimia 6.5 ya bei ya jiwe, na asilimia 93.5 iliyobaki ni gharama kwa mchimbaji kama ilivyo kwa mnunuzi.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama ufundi una hasara hivyo, kwa nini soko limejaa panga za bei ya chini? Hapa ndipo levo na ufundi vinapokutana. Upanga wa kawaida wa daraja la 4 unakula pau 16 na ngozi 8. Kwa pau za silva 240 na ngozi za silva 230, vifaa vyake vina thamani ya 5,680. Lymhurst, mji wenye upendeleo wa panga, marejesho ni asilimia 24.8, kwa hiyo gharama inashuka hadi kama 4,271. Ukiuza kwa 4,200 unabaki na 3,927. Umepoteza silva 344, na kwa malipo hayo umepata pointi za uzoefu wa uhunzi wa panga. Muuzaji anayejua anachokifanya hauzi upanga. Ananunua levo kwa silva 344, na upanga ni mabaki ya ununuzi huo. Sina ugomvi naye hata kidogo. Levo ya ufundi huongeza nafasi ya kupata vitu vya ubora wa juu na hupunguza kiasi cha fokasi, zile pointi za kila siku zinazoongeza marejesho, kinachohitajika kwa kila kitu, kwa hiyo hasara ya leo inaweza kuwa mtaji wa miezi ijayo. Ninayegombana naye ni yule anayepata hasara hiyo hiyo bila kuijua, halafu anabadilisha ufundi kila wiki, leo panga, kesho pinde, keshokutwa fimbo za moto. Huyo amelipa bei ya levo pande zote na hana levo ya maana popote.

Wapo wauzaji wengine wa bei ya chini ambao hawana hasara kabisa. Mafundi hujaza vitabu vya kumbukumbu vya vibarua, wale wafanyakazi ambao mchezo hukupa, kadiri wanavyotengeneza vitu, na kitabu kilichojaa kina bei yake sokoni au huleta mali ghafi kikipewa kibarua. Lipo pia Soko Jeusi la Caerleon, ambalo wageni wengi hawajui kazi yake. Vifaa unavyoviokota kwa majini uliyoyaua vilitengenezwa na wachezaji. Soko Jeusi huvinunua kwa mafundi, kisha mchezo huvigawa kama nyara. Kwa hiyo kuna mnunuzi wa kudumu asiyevaa chochote anachokinunua, na bei zake wakati mwingine huzidi sana za miji mingine. Lakini ili umfikie kwa mizigo lazima upite kanda nyekundu, ambako wachezaji hushambuliana, na ukiuawa huko unapoteza kila kitu. Ukiona upanga Lymhurst ni rahisi na Caerleon ni ghali, tofauti hiyo ni malipo ya kubeba hatari, na aliyeibeba ameyatolea jasho.

Nirudi kwenye fokasi, kwa maana hapo kosa lile lile hufanywa na wakubwa wanaowacheka wageni. Mwenye hadhi ya kulipia hupewa fokasi 10,000 kila siku, na akiba yake haivuki 30,000. Akiitumia kuyeyusha Thetford, marejesho hupanda hadi asilimia 53.9, na pau yetu inashuka kutoka 222 hadi 161. Anajisifu kwamba kila pau imempa faida ya silva 63 bila gharama. Haikuwa bila gharama. Fokasi ile ile ingeweza kutumika kwa ngozi Martlock, kwa mbao Fort Sterling au kwa kufua silaha, na kila matumizi yana kiasi chake cha silva kwa kila fokasi moja. Silva 60 ambazo fokasi imeziongeza kwa kila pau zinapaswa kugawanywa kwa fokasi iliyotumika, kisha kulinganishwa na njia nyingine. Wengi wa wakongwe ninaowafahamu hawajawahi kufanya mgawanyo huo. Wamechagua chuma kwa sababu walianza na chuma, na wanaita mazoea hayo mkakati.

Kuna sehemu za hesabu yangu zinazonisumbua. Ya kwanza ni hiyo bei ya sokoni ninayoitumia kama msumari wa kutundikia kila kitu. Bei ya silva 100 ni ya jiwe linalofuata, wala si ya mawe 5,000 yaliyo kwenye ghala la chama. Nikiyamwaga yote usiku mmoja nitaibomoa bei mwenyewe, na thamani ya jiwe la mwisho itakuwa ndogo kuliko ya la kwanza. Vitabu vya uhasibu hukadiria kwamba soko lina kina cha kutosha kisha vinaendelea na safari. Mimi kila wiki nabahatisha kina hicho, na sijui kukipima vizuri. Ya pili ni saa. Mtu aliyechimba akiwa ndani ya daladala la Mbezi, akiwa hana kingine ambacho angekifanya, saa yake naihesabu kwa kiasi gani? Bando lake naweza kulihesabu, lakini saa yake siwezi. Ya tatu ni kwamba nikitazama bei ya upanga kutoka nje, siwezi kutenganisha ni kiasi gani imeshushwa na wanunuzi wa levo, kiasi gani na wenye fokasi, na kiasi gani na wasiohesabu kabisa. Ningependa sana kujua, kwa sababu kundi la kwanza huondoka likifikia levo linayoitaka, na bei hupanda nyuma yao; kundi la mwisho haliondoki.

Kwa aliye mwanzoni mwa daraja la 4, ushauri wangu ni wa kazi tu. Chagua ufundi mmoja ambao chama kinauhitaji, kubaliana na viongozi ni hasara kiasi gani kwa kila kipande mtakayoibeba ili upande levo, na iandikeni. Kabla ya kuyeyusha, fungua soko la mji uliopo uone jiwe lako linauzwa kiasi gani baada ya makato, jumlisha thamani ya mawe yote ya pau moja na ya pau ya daraja la chini, toa asilimia ya marejesho ya tanuri lililo mbele yako, kisha linganisha na pau baada ya makato yake. Kama huna hadhi ya kulipia na haupo Thetford, jibu karibu kila mara litakuwa kwamba uyauze mawe kama yalivyo, na pau utakazozihitaji uzinunue kwa waliozipika Thetford.