Mtoto Anayetema Kila Chenye Punje

Punje moja ya wali inatosha kuharibu mlo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne ameshakula vijiko sita vya karoti iliyosagwa, anafungua mdomo kama kinda la ndege, mambo yanakwenda vizuri. Kijiko cha saba kina punje iliyoponyoka blenda. Anaganda. Ulimi unaisukuma punje mpaka midomoni, anaitoa kwa kidole, anaikagua, kisha anageuza uso. Mlo umekwisha. Mama yake akitusimulia kliniki husema: "Daktari, huyu anachagua sana chakula." Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hilo tuliache.

Wengi wa watoto tunaoletewa kwa malalamiko hayo hawachagui. Hawajajua kutafuna, na wameshagundua wenyewe kwamba chenye punje kinawashinda. Kutenganisha mambo haya mawili kuna faida yake. Anayechagua utamtafutia ladha nyingine. Asiyejua kutafuna utambadilishia ladha hata kumi, atazitema zote mpaka umrudishie kilichosagwa.

Kunyonya mtoto huzaliwa nako. Kutafuna anafundishwa na chakula chenyewe. Hebu tia kipande cha mkate mdomoni ufuatilie kinachotokea: ulimi unakisogeza pembeni, taya zinakisaga, shavu linakizuia kisitoke nje ya meno, ulimi unazoa vilivyosagika na kuvifanya tonge, ndipo unameza. Chakula kilichosagwa hakidai karibu lolote kati ya hayo. Kinasukumwa nyuma moja kwa moja kama maziwa mazito. Vile vya pakiti, vyenye mdomo wa plastiki wa kunyonyea, ndiyo kabisa: hata kijiko havihitaji. Safarini vinasaidia. Vikiwa mlo wa kila siku, mtoto anafika mwaka na nusu akiwa na ulimi unaojua njia moja tu, mbele kwenda nyuma.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula cha nyongeza kianze mtoto anapofikisha miezi 6, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kufikia miezi 8 wengi wanaweza kushika vipande laini na kujilisha. Kufikia miezi 12 wengi wanaweza kula chakula kilekile cha familia, kikiwa kimelainishwa na kukatwa. Watafiti waliofuatilia watoto kwa miaka kadhaa walikuta kuwa waliocheleweshewa chakula chenye mabonge mpaka baada ya miezi 9 au 10 ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya kula walipokua. Kwa hiyo wako akiwa na miezi 9 na kila kitu bado kinapita kwenye blenda, anza leo. Akiwa ameshavuka mwaka bado anaweza kufundishwa, ila utakwenda kwa hatua fupi zaidi.

Wala usisubiri meno. Magego ya kwanza huchomoza kati ya miezi 13 na 19, na fizi hazijakaa bure muda wote huo. Chukua kipande cha kiazi kilichochemshwa ukibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka bila kutumia nguvu, fizi za mtoto zitakiweza.

Kosa la mchuzi wenye vipande

Mzazi akiambiwa "anza kumpa vipande", mara nyingi huchukua kile chakula laini alichokizoea mtoto na kutumbukiza ndani yake vipande viwili vitatu vya karoti au nyama. Inaonekana ni hatua ndogo. Kwa mdomo unaojifunza, hicho ndicho chakula kigumu kuliko vyote. Majimaji yanataka kumezwa sasa hivi, kipande kinataka kubaki kitafunwe, na mtoto hajui kufanya yote mawili kwa pamoja. Vyote vinaingia kooni kwa mpigo, anataka kutapika, na kuanzia siku hiyo anakikagua kila kijiko. Supu ya mabonge ni chakula cha aliyekwisha kujua kutafuna.

Njia nzuri ni kuubadilisha mlo wote kwa kiwango kimoja. Kwanza punguza maji, kilekile kilichosagwa kiwe kizito mpaka kibaki kwenye kijiko ukikigeuza. Akikizoea, acha blenda ushike uma: ponda mpaka kilainike, siku zinazofuata uponde kijuujuu zaidi, mabonge yaanze kuonekana lakini yawe yamefanana. Watoto wengine hupita hapa kwa siku tatu. Wengine wiki tatu. Ukikwama hatua fulani, rudi nyuma moja, usirudi mwanzo.

Wakati hayo yanaendelea kwenye bakuli, weka vipande laini pembeni, kavu, vya kushika kwa mkono. Vikate virefu, unene wa kidole cha mtu mzima, ili akivikamata kwa ngumi ncha itokeze juu. Na kama anatema kila kinachogusa ncha ya ulimi, jaribu kitu ambacho wazazi wengi hawakifikirii: kipande usikiweke katikati. Kiingize upande wa shavu, juu ya fizi za nyuma, ukiwa umeshika ncha ya pili. Taya litajifunga lenyewe. Mara nyingi hapo kliniki ndipo mama huona mwanawe akitafuna kwa mara ya kwanza, na mtoto mwenyewe huonekana kushangaa.

Kutaka kutapika siyo kukabwa

Hofu ya kukabwa ndiyo inayofanya blenda isipumzike. Kwa mtoto mdogo, sehemu inayoamsha hali ya kutaka kutapika iko mbele zaidi ulimini kuliko kwa mtu mzima, kwa hiyo kipande kitamshtua kabla hakijakaribia njia ya hewa. Atatoa ulimi, atakohoa, machozi yatamlengalenga, atakitema na pengine ataendelea kula. Yote hayo yana sauti. Tulia, mtazame usoni, usimtumbukizie kidole mdomoni.

Kukabwa hakuna sauti. Mtoto hawezi kulia wala kukohoa, midomo inabadilika rangi. Hapo mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5, kichwa kikiwa kimeinama chini ya kifua. Kisipotoka, aliye chini ya mwaka mmoja mlaze chali umbonyeze kifua mara 5. Aliyezidi mwaka mbane tumbo juu ya kitovu, kwa ndani na kwenda juu, mara 5. Rudia kwa kupokezana huku mwenzako akiita msaada wa dharura. Maelezo haya hayatoshi. Jifunze kwa vitendo kwa mtu aliyesomea huduma ya kwanza.

Vya kuepuka ni vya mviringo, vigumu au vinavyonata: karanga nzima, bisi, pipi, zabibu nzima, soseji iliyokatwa kama sarafu, karoti mbichi. Zabibu ikatwe kwa urefu mara nne. Karanga ziwe siagi iliyopakwa nyembamba. Mtoto ale ameketi wima, miguu ikiwa na mahali pa kukanyaga, na mtu mzima akiwa karibu. Anayekula huku anakimbia ndiye wa kumwogopea.

Akishaweza, ndipo anaanza kuchagua kweli

Sasa tuje kwa wachaguzi halisi, maana nao wapo. Karibu na mwaka na nusu, mtoto aliyekuwa akila kila kitu huanza kukataa vigeni, na hata vya jana. Hofu hiyo ya chakula kipya huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6, na ni ya kawaida. Inakutana na jambo lingine: njaa yenyewe imepungua. Mwaka wa kwanza mtoto aliongeza uzito wa kuzaliwa mara tatu. Mwaka wa pili ataongeza kilo 2 hadi 2.5 hivi. Mwili unaokua taratibu unadai kidogo, na sahani iliyomtosha akiwa na miezi 11 inaweza kumzidi akiwa na miezi 18.

Halafu kuna maziwa. Tukiuliza mtoto "asiyekula kitu" anakunywa nini, mara nyingi tunakuta chupa tano za maziwa kwa siku, na mbili ni za usiku. Huyo ameshiba. Baada ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasizidi kiasi cha nusu lita kwa siku au zaidi kidogo, kwa kikombe, na baada ya chakula. Yakizidi yanaziba nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma, na upungufu wa damu nao hupunguza hamu ya kula, mzunguko unaanza. Juisi haihitajiki, chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mwaka 1928 daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, alianza kuchapisha matokeo ya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha. Alichukua watoto waliotoka kuachishwa kunyonya, jumla yao wakafika 15, akawawekea mbele vyakula mbalimbali kutoka orodha ya vyakula 34: nyama, mayai, nafaka, matunda, mboga, maziwa. Muuguzi aliketi kando akiwa ameshika kijiko, haruhusiwi kusema neno wala kunyoosha mkono mpaka mtoto mwenyewe aelekeze. Milo ya mwanzo walitafuna hata vijiko vitupu, ukingo wa sinia na karatasi iliyokuwa juu yake. Baada ya muda kila mmoja akawa na vyake anavyovipenda, hakuna wawili waliolingana, na wote wakakua vizuri. Watu hupenda kuishia hapo: mwache mtoto, mwili wake unajua. Davis mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Alisema siri ilikuwa kwenye orodha. Hakukuwa na sukari wala vyakula vya viwandani, kwa hiyo kila alichochagua mtoto kilikuwa chakula cha maana.

Mgawanyo huohuo wa kazi ndio Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliokuja kuuandika baadaye kwa ajili ya wazazi. Wewe unaamua kiwepo nini mezani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Sehemu ya pili ndiyo inayotushinda sisi watu wazima. Nami nimewahi kurusha kijiko cha "ndege inatua" mpaka mkono ukachoka, huku nikijua ninachokifanya.

Kumshindilia, kumsifia kila tonge, kumwekea katuni asione anachomezeshwa, kumwahidi biskuti akimaliza mboga: vyote vinamfundisha kitu kimoja, kwamba mboga ni adhabu ya kupitia ili kufika kwenye biskuti. Weka chakula kidogo, kijiko kimoja cha kile kipya, kando ya kitu unachojua atakila, na wewe ule hichohicho mbele yake. Akikataa, sema "haya" na uendelee kula. Mlo ukifika dakika 20 au 30, ondoa sahani bila neno, na asipewe kitu kingine ila maji mpaka mlo au kitafunwa kinachofuata, saa mbili au tatu baadaye.

Kisha rudia. Chakula kipya huhitaji kuonekana mara 8, 10, hata 15 kabla hakijakubaliwa, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Kukigusa ni maendeleo. Kukinusa, kukilamba na kukitema navyo ni maendeleo, kwa hiyo mpe ruhusa ya kutema na kitambaa cha kutemea. Ndiyo, sakafu itachafuka.

Kwenye sahani, cha kupewa kipaumbele ni chenye madini ya chuma: nyama, kuku, samaki, mayai, maharage. Mayai na siagi ya karanga hayana haja ya kucheleweshwa, isipokuwa mtoto mwenye ukurutu mkali au aliyekwisha kupata mzio, ambaye aanze kwa ushauri wa daktari. Asali ni mwiko kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli. Chakula cha mtoto kitolewe kwenye sufuria kabla chumvi ya familia haijaingia. Sukari hana haja nayo.

Lini uje utuone

Njoo mapema kama uzito umesimama au kushuka kwenye chati ya ukuaji, kama mtoto anakohoa au sauti yake inasikika kama ina majimaji kooni kila akila, kama ameshapita mwaka na kila bonge linamfanya atapike kweli, kama analia akiona tu kiti cha kulia, au kama orodha ya vyakula anavyokubali inazidi kufupika badala ya kurefuka. Mtoto anayeacha kundi zima la vyakula, au aliyebakiwa na visivyozidi 20, anahitaji kuangaliwa na zaidi ya mtu mmoja: daktari, mtu wa lishe, na mtaalamu wa tiba ya matamshi na umezaji.

Kabla ya kuja, andika kwa siku tatu kila kinachoingia mdomoni mwake, chupa za usiku zikiwemo. Mrekodi kwa simu mlo mmoja wa kawaida, bila kumpanga. Uje na kijiko anachotumia nyumbani, chakula kimoja anachokipenda na kimoja anachokitema, na umlete akiwa na njaa.