Hatua ya sita

Kijana mmoja alinijia ofisini parokiani, hapa Dar es Salaam, amenuna. Anataka kufunga ndoa, ameambiwa alete barua ya jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, na yeye jumuiya yake haijui. Miaka minne hajakosa Misa ya pili. "Katekista, kwani Misa haitoshi?"

Nikamwuliza: ukiugua leo, nani kanisani atajua? Akanyamaza.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi na kuzipa jumuiya ndogondogo kipaumbele. Mimi naziona hivi: padre hawezi kumjua kila muumini, ila majirani wanaweza.

Sisi tunasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Stuli yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, na viti vya plastiki vya kuazima (mara nyingi kwa jirani Mwislamu). Tunafuata hatua saba zilizotoka Lumko, taasisi ya Kikatoliki ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili ya Dominika, kurudia neno lililokugusa, kimya, kushirikishana. Ya sita ni kuulizana tufanye nini. Ya saba, sala.

Ile ya sita ndiyo tunayoiruka. Watu wanawahi daladala, katibu ana matangazo yake na majina ya wasiolipa zaka. Nami nimeiruka mara nyingi tu. Lakini mgeni asiyepewa kazi hubaki mgeni, hata umkaribishe kwa vigelegele.

Jumamosi yake ya kwanza kijana alikaa mlangoni, anasubiri barua. Injili ilikuwa ya Bartimayo, yule kipofu aliyekemewa anyamaze. Bibi mmoja akarudia neno moja mara tatu: "Mwiteni." Basi tukaulizana, tumwite nani? Akatajwa mzee wa nyumba ya nyuma, kiharusi kimemweka ndani tangu Pasaka. Kiti cha magurudumu anacho, wa kukisukuma hana. Macho yote yakaenda mlangoni, kwenye yale mabega.

Wiki iliyofuata kijana alisali kwa sauti kwa mara ya kwanza. Hakuwaombea "wagonjwa wote duniani". Aliomba mvua isinyeshe Dominika, maana ule uchochoro hujaa matope.

Barua alishapata, na ndoa ilishafungwa. Kiti bado anasukuma, na mzee bado analalamika kwamba anaendeshwa kama yuko kwenye bodaboda.